Swaumu Muharami Sadallah na Sauti za Akina Mama wa Mbwara

Mwalimu Swaumu Muharami Sadallah alizaliwa hapa Mbwara siku ya Jumapili, tarehe 12 Julai 1981, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani. Mama yake, Bi Waride, alikuwa jikoni akimenya muhogo wa futari uchungu ulipomshika, na mtoto akatoka adhana ya magharibi ikiadhiniwa. Hakuna aliyehangaika kutafuta jina. Baba yake, mzee Muharami Sadallah, alikuwa mkulima wa mpunga na ufuta, mtu mkali, mwenye kauli moja. Swaumu alikuwa mtoto wake wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni Mwanamkuu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita. Bi Waride alitoka uzazini na maradhi ya miguu ambayo hayakumwacha tena, kwa hiyo mgongo uliombeba Swaumu mpaka akajua kukimbia ulikuwa mgongo wa dada yake.

Ni ada yetu kwamba kabla jeneza halijainuliwa, mkubwa wa familia husimama akauliza nani anamdai marehemu na nani alidhulumiwa naye, ili haki hiyo ilipwe au isamehewe. Mara nyingi watu hujibu kwa pamoja kwamba wamesamehe, jambo likaisha. Leo haliwezi kuisha hivyo. Marehemu ameondoka na haki za akina mama ambazo hazijarudi, na akina mama hao wameketi uani, wanasikiliza. Kwa sababu hiyo maisha yake yanasomwa yote, ili itakapofika saa ya kuulizwa, kila mmoja ajue anasamehe nini. Mjomba Tahiri, anayewasomea haya, alimwomba Mwanamkuu sehemu nyingine zirukwe. Hazikurukwa.

Swaumu alianza shule ya msingi hapa hapa Mbwara mwaka 1989. Mwanamkuu hakuwahi kuandikishwa. Ulipofika mwaka wake wa kuandikishwa mtoto alikuwa mgongoni, na mtoto aliposhuka mgongoni mpunga ulikuwa unaingia maziwa na ndege wamejaa bondeni. Mzee Muharami akasema, "Mmoja alinde ndege, mmoja asome," wala hakuuliza nani anataka kipi. Msimu baada ya msimu Mwanamkuu alishinda dunguni, kile kibanda cha miti kinachoinuliwa juu ya shamba, akirusha madonge ya udongo kwa kombeo, na kutoka huko juu alimwona mdogo wake akipita njiani na sketi ya bluu na daftari kifuani.

Akili alikuwa nazo. Hata asiyempenda hakulikana hilo. Akitoka shule alipanda dunguni, akamsimulia dada yake yote aliyofundishwa, halafu akaanza maswali. Kwa nini nyumbani tunaita hivi kwa Kindengereko na shule wanaita vile kwa Kiswahili? Kwa nini neno moja la bibi linageuka kichwa na mkia kila likitajwa? Mwanamkuu alimwambia aache maswali, afukuze ndege. Lakini alimjibu mengi, maana maneno ya Kindengereko Mwanamkuu alikuwa nayo, ameyapata kwa bibi yao bila kufundishwa ubaoni.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1995, akawa msichana pekee wa darasa lake kuchaguliwa kwenda sekondari. Alisoma Utete hadi mwaka 1999, kisha kidato cha tano na cha sita Tanga, na mwaka 2002 akaingia chuo kikuu jijini Dar es Salaam kusomea isimu, yaani elimu ya namna lugha zilivyoundwa. Kabla hajaenda sekondari alichezwa unyago kama wasichana wote wa ukoo huu. Aliyemcheza ni Mwanamkuu, akiwa chini ya mama yao aliyekuwa kungwi mkuu. Hilo likumbukwe.

Mwaka 2005 aliajiriwa kufundisha Kiswahili katika sekondari moja ya Kibiti. Mwaka uliofuata Bi Waride alifariki na ukungwi ukashuka kwa Mwanamkuu. Kila mmoja sasa alikuwa na wasichana wake wa kufundisha, huyu kwa chaki, yule kwa ngoma, na kwa miaka kadhaa wale waliokuwa wakisema mzee Muharami aligawa vibaya walinyamaza.

Swaumu alifunga ndoa na Bwana Haruni Iman wa Bungu, mfanyabiashara wa nazi na korosho, siku ya Jumamosi tarehe 16 Agosti 2008. Ilikuwa harusi ya heshima, yenye maneno machache na pilau nyingi. Mwaka 2010 walijaliwa binti, Sabra, na mwaka 2015 mvulana, Muharami, aliyepewa jina la babu yake. Bwana Haruni hakumzuia mkewe kusoma, na hilo anastahili kushukuriwa. Mwaka 2011 Swaumu alipata nafasi ya kwenda ng'ambo kwa shahada ya pili. Sabra alikuwa na mwaka mmoja. Aliletwa Mbwara na kibegi cha nguo, akakaa miaka miwili. Mama yake aliporudi, Sabra alimwita Mwanamkuu mama, na aliyemzaa akamwita mama Kibiti. Watu walicheka. Mwanamkuu hakucheka, wala Swaumu.

Alichokwenda kusomea ng'ambo wengi hapa hawakukielewa mpaka alipokifundisha. Alijifunza kuandika programu za kompyuta zinazoshughulikia lugha: programu ya kukata neno refu katika vipande vyake, programu ya kutafuta neno na kuonyesha maneno yanayopenda kukaa jirani nalo, programu ya kusikiliza sauti na kuigeuza maandishi. Zipo tele kwa lugha za wakubwa. Kwa Kindengereko haikuwapo hata moja. Mwaka 2014 alipanga chumba nyuma ya kituo cha mabasi cha Kibiti, akaweka kompyuta sita zilizokwishatumika, akafungua darasa la jioni. Walikuja mafundi simu, walimu wa msingi, mabinti waliomaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani. Umeme ukikatika aliendelea na ubao.

Wanafunzi wake wote wanakijua kisa cha wali. Siku ya kwanza ya kila mkupuo aliwaambia waandike hatua za kupika wali wa nazi, hatua baada ya hatua, kwa mtu asiyejua lolote isipokuwa kutii. Iddy, ambaye baadaye alikuwa msaidizi wake mkuu, aliandika ukurasa mzima wa kukuna na kuchuja tui, akasahau kuwasha moto. Swaumu akafuata maandishi yake mbele ya darasa, akafunika sufuria, akangoja, kisha akampakulia mchele mbichi unaoelea kwenye tui na kumkabidhi kijiko.

"Mwalimu, moto si unajulikana?" Iddy akalalamika.

"Unajulikana kwako. Mashine haina mama aliyeifundisha kupika. Kula."

Iddy alitafuna kijiko kimoja, darasa likaanguka kwa kicheko. Tangu siku hiyo wanafunzi walimwita Mwalimu Hatua, kwa kuwa hakuchoka kuwaambia kwamba programu nzuri yenye hatua zilizopangwa vibaya ni hasara tupu.

Mwaka 2022 alikuja Mbwara na ombi. Alikuwa amekwisha kukusanya hadithi za kilimo na uvuvi kutoka kwa wazee wanaume, lakini programu yake ya kusikiliza Kindengereko na kukiandika ilikuwa bado inababaika, na maneno mazito ya Kindengereko, alisema, yamebaki kwa makungwi. Wakongwe wanapungua. Aliomba kurekodi nyimbo na mafundisho ya unyago.

Makungwi wanane walikaa kulijadili, Mwanamkuu akiwa mkubwa wao. Walio wengi walikataa. Bibi Mwamvua, aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote, alisema yeye hajaona chombo kinachojua kunyamaza. Ni Mwanamkuu aliyemsimamia mdogo wake. Aliwaeleza kwamba yapo ya wazi na yapo ya ndani, na kwamba ukoo huu una namna yake ya kuyatenga: kungwi akifika kwenye ya ndani hasemi neno, hupiga makofi ya kufunga, matatu mazito, na akiyamaliza hupiga ya kufungua. Mwali yeyote aliyechezwa anayajua makofi hayo. Swaumu akaahidi mbele yao wote kwamba ataandika programu itakayoyasikiliza, na kila kilicho kati ya kufunga na kufungua kitakatwa na kufutwa kabla mtu yeyote hajakisikia. Makungwi wakakubali, si kwa ajili ya programu, bali kwa ajili ya dhamana ya Mwanamkuu.

Walirekodi msimu mzima; siku alizorudi Kibiti kufundisha, Swaumu aliwaachia chombo kikirekodi. Siku alizokuwapo alikaa chini mkekani pamoja nao, akiuliza, akicheka, akitumwa maji kama mdogo wa wote. Waliokuwapo wanakubali kwamba zilikuwa siku nzuri.

Programu ya makofi aliiandika, tena aliiandika vizuri. Lakini katika darasa lake kila sauti mpya ilipitishwa kwanza kwenye programu nyingine, ya kusafisha, inayoondoa kelele: kuku, sufuria, kikohozi, upepo, kila kinacholia ghafla na si maneno. Iddy alisafisha kama alivyofundishwa. Usafi huo uliondoka na makofi. Programu ya kukata ilipoingia kazini, ikasikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikaandika kwenye kioo kwamba haikukuta cha kukata. Swaumu alisoma jibu hilo akalipokea. Sauti zikawekwa pamoja na nyingine, zikaandikwa, zikatumika kufundishia programu, zikagawiwa darasa zima kwa mazoezi. Na maji ya mafuriko yalipopanda mwezi wa Aprili 2024, watu wakihama nyumba zao, alihofia kazi yote itazama, akawapa wanafunzi nakala katika diski wakaziweke mbalimbali, Bungu, Nyamisati, Salale na Dar es Salaam.

Mwezi wa Septemba mwaka huo Bibi Mwamvua alikwenda Bungu kumtazama binti yake. Akipita mbele ya kinyozi barabarani, alijisikia yeye mwenyewe anazungumza ndani. Mwanafunzi mmoja wa Swaumu, jina lake Mudy, alikuwa anawasikilizisha wenzake kwenye simu, wanaangua vicheko. Aliyekaa kitini akinyolewa ni mkwewe Bibi Mwamvua.

Bibi hakuingia wala hakupiga kelele. Hakufika kwa binti yake. Alirudi Mbwara kwa gari lile lile lililomleta, akaja mpaka hapa barazani kwa Mwanamkuu, akakataa kiti.

"Sauti yangu iko kwa kinyozi," alisema. "Mkwe wangu ameisikia. Wewe ndiye uliyenidhamini."

Siku iliyofuata Mwanamkuu alifika Kibiti kabla ya adhuhuri, akakuta darasa limejaa. Hakutoa salamu.

"Nifungulie hicho chombo, Swaumu. Nisikie alivyosikia mkwewe Bibi Mwamvua."

"Dada, tutoke nje kwanza."

"Bibi Mwamvua hakutolewa nje. Fungua."

Swaumu aliwatoa wanafunzi, akafungua. Walisikiliza wawili. Yaliyopaswa kufutwa yalikuwamo yote, safi, bila kelele hata ya kuku. Swaumu alijishika mdomo. Alieleza kwamba kioo kilionyesha hakuna cha kukata, naye akadhani makungwi wameamua kumpa ya wazi peke yake, hata siku alizowaachia chombo.

"Ulidhani," alisema Mwanamkuu. "Ulikuwa na masikio, na ulikuwa na dada. Kwa nini hukusikiliza?"

"Nilijizuia. Niliona ni adabu. Si mlisema yasisikilizwe na mtu?"

"Wewe umechezwa, Swaumu. Nimekucheza mimi kwa mikono yangu. Tuliwazuia wanaume, wewe ukajizuia mwenyewe, ukawapa wao."

Iddy, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba aliyesafisha ni yeye. Mwalimu wake akamwambia, "Ulisafisha kwa mpangilio niliouandika mimi. Kaa pembeni." Hilo pia lisemwe, kwamba hakumtupia mtu mwingine kosa lake.

Lakini kukubali kosa hakukurudisha kitu. Msimu huo hapakupelekwa msichana hata mmoja kwa Mwanamkuu. Akina mama wa Mbwara waliwapeleka mabinti zao Ngarambe, kwa kungwi wa huko, na kisimani walikuwapo waliosema kwa sauti ya kusikika kwamba binti Muharami ameuza mkole, siri za unyago, kwa mdogo wake. Mwanamume asiyejua haya mambo aelewe kwamba Mwanamkuu hakuwa na cheti cha kutundika ukutani. Alikuwa na hilo moja. Bibi Mwamvua hajakanyaga tena Bungu, na mkwewe akija Mbwara, bibi hufunga mlango.

Kuanzia hapo Swaumu aliacha kila kazi nyingine. Alijitoa kwenye mkutano wa wataalamu wa nje waliokuwa wamemwalika akaonyeshe programu yake. Alizifuta sauti katika kompyuta zake zote, Mwanamkuu akiwa amesimama nyuma ya kiti. Kisha akaeleza jambo ambalo dada yake hakulitazamia. Kufuta sauti hakutoshi, alisema, kwa sababu programu imekwisha kujifunza kutokana nazo, na haiwezekani kuisahaulisha sehemu tu. Akaifuta nzima, kazi ya miaka, akaianza upya kwa hadithi za wakulima na wavuvi peke yake. Iliporudi ilikuwa inakosea maneno iliyokuwa inayajua vizuri. Iddy alisikitika kwamba wanarudi nyuma. Akaambiwa, "Ndiyo, tunarudi. Andika hatua ya kwanza."

Zikabaki nakala za wanafunzi. Mudy alitimuliwa darasani, lakini si kabla ya kuleta simu na diski yake. Wengine walirudisha kwa hiari, wengine kwa kubembelezwa.

Mwezi wa Februari 2025 Swaumu aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, ikiwa imekwisha kwenda mbali. Alitibiwa katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Kati ya dawa na dawa, mwili ukiwa hauna nguvu na nywele zimekwisha chini ya ushungi, aliendelea kufuatilia. Alipanda boti Nyamisati akaenda Salale kwa mwalimu mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, akatapika njia nzima, akafika, akasikiliza mwenyewe kwa masikio yake kuhakikisha ndizo, akazifuta, akageuza siku hiyo hiyo. Zawadi, binti aliyekuwa akimsindikiza, anasema mwalimu alilala kichwa kikiwa magotini mwake mpaka Kibiti.

Mwezi wa Novemba madaktari walimruhusu arudi nyumbani, kwa maana ile ambayo kila mtu anaielewa. Bwana Haruni alitaka akae Bungu. Yeye mwenyewe akaomba aletwe Mbwara kwa dada yake. Mwanamkuu alimpokea. Alimwogesha, akamlisha uji, akamgeuza ubavu kwa ubavu. Hakumfichia hasira yake, na mgonjwa hakuomba afichiwe. Jioni moja, Sabra akiwapo, Swaumu alimshika dada yake mkono.

"Dada, nipe radhi yako."

"Zimerudi zote?"

"Imebaki moja."

"Basi bado."

Swaumu aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyesahihishwa, akaomba maji. Wapo watakaomlaumu Mwanamkuu kwa jibu hilo. Wamlaumu. Yeye hakumdanganya mgonjwa, na mgonjwa alikuwa mtu wa kutotaka hatua irukwe.

Hiyo moja iliyobaki ni diski aliyoiacha nyumbani kwake Bungu wakati wa mafuriko, kabatini. Alipoitafuta hakuikuta, akamwomba mumewe ailete. Bwana Haruni akasema anaitafuta. Aliombwa tena, akasema labda watoto wameihamisha. Swaumu alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 11 Desemba 2025, mikononi mwa dada yake, baada ya kutamka shahada, na diski ilikuwa haijapatikana.

Jana mchana, ndugu walipokaa kupanga mazishi, Bwana Haruni alisema mwenyewe kwamba anayo, na kwamba anayo tangu mwanzo. Hakusema kwa jeuri. Alikuwa analia.

"Shemeji, humo mna sauti yake," alimwambia Mwanamkuu. "Anauliza, anacheka, mnamtuma maji anaitikia. Muharami ana miaka kumi. Atamsikia wapi mama yake?"

"Mama yake alikuomba akiwa hai, kwa sauti hiyo hiyo. Ukamwambia unaitafuta."

"Nisingeweza kuifuta."

"Hukuambiwa uifute. Uliambiwa uilete."

Wazee wakahamisha mazungumzo kwenye sanda na kaburi.

Leo asubuhi, Mwanamkuu na waoshaji walipokuwa wanamwosha, Mwanamkuu alitamka mbele yao kwamba amemsamehe mdogo wake haki yake yote, ya utotoni na ya juzi, na kwamba hatamdai duniani wala akhera. Alitamka mwenyewe, hakusukumwa. Amesamehe kilicho chake. Ila haki ya Bibi Mwamvua na makungwi wenzake si mali ya Mwanamkuu hata aigawe. Aliwahi kusema kwa niaba yao mara moja, na wote mnajua yaliyotokea.

Makungwi walikaa baada ya hapo, wakatoa neno lao, nalo ni la huruma kuliko wengi walivyotazamia. Hawataki mtoto akose sauti ya mama yake. Diski ikabidhiwe kwa Zawadi, ambaye anaijua kazi ya kompyuta na amechezwa. Zawadi ataketi na Bibi Mwamvua chumba cha ndani, wasikilize yote kwa masikio yao, bila programu ya kusikiliza kwa niaba yao. Kila mahali Swaumu anapouliza, anapocheka au kuitika, patakatwa na kuwekwa kando kwa ajili ya Sabra na Muharami, wawe nayo maisha yao yote. Yanayobaki yatafutwa Bibi Mwamvua akishuhudia. Bwana Haruni amepelekewa neno hilo. Mpaka haya yanasomwa hajajibu.

Marehemu ameacha mume, Bwana Haruni Iman. Watoto wawili, Sabra na Muharami. Dada mmoja, Mwanamkuu. Mjomba mmoja, Tahiri. Mashemeji na wakwe wa Bungu. Na wanafunzi wa Kibiti na visiwa vya delta, ambao wengi wao wamesimama hapa leo. Ameacha pia programu ya Kindengereko, changa, inayokosea, lakini ambayo hakuna mtu anayeweza kuidai. Mwenyezi Mungu amsamehe aliyoyakosea, amlipe kwa aliyoyatengeneza, na amfungulie kaburi lake.

Sasa Mjomba Tahiri ataweka karatasi chini, aulize anayeulizwa. Si marehemu; marehemu amemaliza. Anaulizwa Bwana Haruni. Diski amekuja nayo, Sabra ameiona mfukoni mwa kanzu. Zawadi amesimama penye mlango wa uani na ameshanyoosha mkono. Ukiitoa, shemeji, akina mama watatamka radhi yao kwa pamoja, mtaisikia mpaka huku barazani, na Swaumu atapumzika kwa amani. Usipoitoa tutamzika vivyo hivyo, kwa kuwa maiti hacheleweshwi, na wote mliokuja mtarudi makwenu mkijua amani yake imebaki mfukoni mwa nani.